Mamba wa Saa Kumi

Bertilla alizaliwa Mpui, juu kwenye uwanda wa Ufipa, ambako watoto huogopa radi kuliko maji. Hadi anafikisha miaka thelathini na minane alikuwa hajaliona Ziwa Tanganyika kwa macho yake. Alilima mahindi na ulezi pamoja na mumewe Alois, aliimba kwenye kwaya ya parokia, na kijijini alijulikana kwa kisu chake. Harusi au msiba, mtu wa kukata nyama alikuwa yeye, kwa sababu mkono wake haukuharibu kitu.

Kisu hicho ndicho kilichompeleka ziwani. Jafeti, mfanyabiashara wa Mbeya aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Sumbawanga, alifungua kambi ya wageni katika kijiji cha Kasambe, ufukweni, chini kabisa ya mteremko. Wageni walikuja kuanzia mwezi wa saba mpaka mvua zinapokaribia. Hawakuvua kwa njaa. Walishinda ndani ya boti na fimbo zao za kuvulia, mtu akavutana na sangala mmoja nusu saa nzima, akampima, akapiga naye picha, na jioni akataka kumla. Jafeti alitafuta mtu wa kusafisha samaki hao bila kuwachanachana, na mtu akamtajia mama wa Mpui.

Kwa hiyo kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, Bertilla alishuka Kasambe, na mvua za kwanza zikinukia alipanda kurudi kulima. Alipanga chumba kwa Leonia, mwanamke aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kumi, mlimaji wa mihogo, mcheshi, aliyemcheka alipoogopa kuingiza hata miguu majini.

"Dada, maji hayaumi," alimwambia.

"Maji sijayasema. Naogopa vilivyomo."

Msimu wa kwanza Bertilla alisafishia samaki gatini na kutupa matumbo ziwani. Siku moja aliona matete yakitikisika pasipo na upepo, kisha kitu kama gogo kikasogea, kikameza, kikazama. Mamba alikuwa mdogo, urefu wa jembe na mpini wake. Bertilla alikimbia akaacha kisu. Lakini wageni walikimbilia kule alikotoka yeye, simu mikononi, na Jafeti akasimama nyuma yao akiwatazama wanavyofurahi.

Kesho yake alimwita. "Mama Bertilla, matumbo usiyatupe ovyo. Yaweke mpaka saa kumi. Wageni wakishakaa na vinywaji vyao, gonga beseni mara tatu ndipo umwage."

"Kwa nini nigonge, bosi?"

"Ili wageni wajue wakati umefika."

Alifanya alivyoambiwa. Ndani ya wiki mbili aligundua kwamba waliojua wakati umefika hawakuwa wageni peke yao. Akigonga, matete yalitikisika. Msimu wa pili mamba hakungoja tena ndani ya matete. Akisikia beseni la bati likigongwa alikuja moja kwa moja, pua na macho juu ya maji, bila haraka. Vijana wa boti walimpa jina la Mpangaji. Alikuwa amenenepa. Bertilla alipima kwa macho urefu wake na ubao wa gati, na kila mwezi ubao ulipungua.

Miaka hiyo ziwa nalo lilikuwa linapanda. Lilikula ufukwe, likafunika mawe ambayo wanawake wa Kasambe walizoea kufulia na kuchotea maji. Bomba la kijiji lilikuwa limekufa siku nyingi. Wanawake wakahamia kwenye kighuba kidogo kilichobaki na mchanga, na kighuba hicho kilikuwa hatua mia moja tu kutoka gati la kambi.

Msimu wa tatu Bertilla alimfuata Jafeti. Alimkuta akihesabu majaketi ya kuokolea.

"Bosi, wageni wakiondoka huyu mnyama atalishwa na nani?"

"Mamba anakaa na njaa miezi, mama. Na ana ziwa zima la samaki."

"Samaki wa ziwa anawakimbiza. Wa kwetu anagongewa."

Jafeti alicheka kidogo, si kwa dharau. "Mwaka kesho nitaweka wavu wa kumzuia. Malizia msimu."

Bertilla alimalizia msimu. Baadaye alipohojiwa na mumewe kwa nini hakuacha kazi siku ile, hakujitetea. Bati la nyumba yao lilinunuliwa kwa mshahara wa gati lile. Na kulikuwa na jambo jingine lililomwia vigumu zaidi kulisema: wageni walipokuwa wakinyamaza wote kumtazama yeye na beseni lake, alijisikia mtu wa maana.

Siku ya mwisho ya msimu mawingu yalikuwa yamelalia mteremko tangu asubuhi. Wageni walikwisha kuondoka jana yake, boti zilikwisha kupandishwa nchi kavu na kufunikwa maturubai. Hakukuwa na samaki hata mmoja. Saa kumi ilipofika Bertilla alikuwa anafunga mzigo wake, akasikia vijana wameacha kuzungumza. Alitoka. Mpangaji alikuwa chini ya gati, ametulia, ameelekeza kichwa pale alipozoea kusimama yeye. Hakuna aliyemgongea. Walimtupia kijiti, hakusogea. Giza lilipoingia alikuwa bado yupo, na asubuhi alipokwenda kuchungulia, alimkuta palepale.

Kabla ya kupanda gari alimwambia Leonia, "Mdogo wangu, usichote tena pale kighubani. Nenda upande wa majabali."

"Kule ni mbali, dada, na ndoo kichwani? Mamba tunamjua, tunachota tukiwa wengi."

Palikuwa na neno moja la kuongeza: kwamba mamba yule amefundishwa sauti, saa, na mahali, na aliyemfundisha ni mimi. Bertilla alilifikia neno hilo akaliacha. Aliona aibu. Akasema tu, "Uwe mwangalifu," akapanda gari.

Mpui mvua zilianza vizuri. Walipanda mahindi siku nne mfululizo. Siku ya tano, alasiri, jirani alikuwa anasugua masufuria nyuma ya nyumba yake, akagonga moja kwenye jiwe kutoa mchanga. Bertilla alisimama ghafla katikati ya tuta, jembe likamtoka.

"Kuna nini?" Alois aliuliza.

Hapo ndipo alipomweleza yote, wamesimama na matope miguuni. Alois alikuwa mtu wa maneno machache. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Haya yote umemwambia nani?"

"Nimekuambia wewe."

"Mimi sichoti maji ziwani, Bertilla."

Alipiga simu ya Leonia, haikupatikana. Alipiga ya Meshack, nahodha wa kambi aliyebaki kulinda boti, nayo ikaita bila kupokelewa. Kesho yake alfajiri alikuwa Sumbawanga, akapata basi, lakini mbele ya Chala lori lilikuwa limekwama kwenye tope na kuziba barabara. Abiria walishuka wakanunua mahindi ya kuchoma. Bertilla hakuweza kula. Alikaa kwenye ngazi ya duka akiangalia saa ya muuza duka, ikagonga saa tisa, ikagonga saa kumi. Alilala Chala kwa binamu yake na kufika Kasambe siku ya pili, mchana.

Mlango wa Leonia ulikuwa na kufuli. Meshack alimkuta amesimama hapo.

"Hukupata habari?" aliuliza Meshack. "Juzi. Alikuwa anaosha vyombo kighubani. Wenzake walipiga yule mnyama kwa makafi mpaka akaachia. Yuko hospitali Namanyere. Mkono wa kulia umekatwa, hapa, chini ya bega."

"Juzi saa ngapi?"

Meshack alimtazama. "Saa kumi hivi," akasema, kisha akainamisha macho, maana naye alikuwa gatini misimu yote mitatu.

Kwa hiyo alipokuwa amesimama kwenye tuta Mpui na jembe chini, jambo lilikuwa likitendeka.

"Kuna lingine," Meshack aliendelea. "Wanasema mamba alitumwa. Wanamtaja bibi Kristiana."

Kristiana alikuwa mjane wa miaka sabini na zaidi, jirani wa Leonia. Mwezi uliopita mbuzi wake walikula mihogo ya Leonia, wakatupiana maneno, na mzee alisema kwa hasira kwamba Leonia ataona. Watu wengi walisikia. Sasa alikuwa amefungiwa ndani ya nyumba yake tangu asubuhi, na vijana watano wamekaa mlangoni na dumu la mafuta ya taa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa akiwasihi wangoje polisi. Polisi walikuwa mbali na barabara ilikuwa tope.

Bertilla alikwenda. Umati ulikuwa umejaa uani, na hakuna aliyepiga kelele. Watu waliongea kwa sauti ya chini, kama watu waliokwisha kukata shauri. Kwenye ufa wa dirisha aliona kipande cha uso wa mzee.

"Shikamoo, bibi," alisema, kwa sababu hakujua aanze wapi.

"Marahaba, mwanangu," sauti ikajibu kutoka ndani. "Waambie basi wanipe maji."

Bertilla aligeuka. "Mwenyekiti, naomba kusema. Mamba yule hakutumwa na bibi huyu. Alifundishwa. Nimemfundisha mimi."

Alieleza beseni, saa, matumbo ya samaki, misimu mitatu. Watu walimsikiliza. Alipomaliza, mmoja wa wale vijana, mdogo wake Leonia aliyeitwa Leonsi, alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Wewe ni Mfipa wa juu, unajua nini cha maji? Umelipwa umwokoe mchawi. Mamba hafundishwi kama mbwa."

"Anafundishwa."

"Tuonyeshe."

Saa ilikuwa tisa na nusu. Mwenyekiti akasema hilo ni jambo la haki. Walikwenda karibu kijiji kizima, wakasimama juu ya mteremko ulio nyuma ya kighuba, mbali na maji. Mtu alileta beseni la bati. Bertilla alipanda peke yake juu ya jabali la ukingoni mwa kighuba, mita tatu hivi kutoka usawa wa ziwa. Maji yalikuwa meusi kwa sababu ya mawingu, yametulia kabisa, na sehemu moja ya mchanga ilikuwa bado na sufuria la Leonia, limelala ubavu.

Aliomba moyoni asije. Kama asingekuja, yeye mwenyewe angebaki bila hatia mbele ya macho yao. Kisha akamkumbuka mzee mwenye kiu, akaomba aje.

Aligonga mara tatu.

Mtoto mmoja aliuliza kitu, mama yake akamziba mdomo. Halafu upande wa gati, matete yalifunguka, na mstari mwembamba ukaanza kuchorwa juu ya maji. Ulikuja kwenye kighuba bila kupinda. Karibu na jabali ulisimama. Pua, kisha macho mawili, vikamtazama Bertilla. Alikuwa mkubwa kuliko alivyomwacha, au ndivyo alivyomwona. Hakurukia kitu. Alingoja, kama alivyozoea kungoja.

Leonsi ndiye aliyekuwa wa kwanza kugeuka na kuondoka, na waliomfuata wakamkuta akifungua kufuli la mlango wa Kristiana. Alimpelekea maji kwa mkono wake mwenyewe.

Askari wa wanyamapori alifika baada ya siku mbili. Alimwomba Bertilla agonge tena, na akagonga, na askari akapiga risasi mbili. Walipomvuta nje walipima mita mbili na nusu. Mtendaji wa kijiji aliandika maelezo ya Bertilla karatasi nne, naye akatia sahihi kila moja. Jafeti alipopigiwa simu alisema mamba ni mali ya serikali na kambi yake haikufuga mnyama yeyote. Alipopigiwa mara ya pili alikuwa na wakili. Shauri hilo mpaka leo linasogezwa mbele, na mwaka uliofuata kambi ilifunguliwa kama kawaida, ikiwa na mtu mwingine wa kusafisha samaki. Wageni walifurahi, sangala walikuwa wengi mwaka huo.

Kasambe haikumsamehe Bertilla, wala haikumfukuza. Wanawake waliacha kumwita kwa jina. Alikwenda Namanyere kumwona Leonia, akamweleza mwenyewe, asisikie kwa wengine. Leonia alilala akitazama ukuta.

"Ungeniambia," alisema mwisho. "Ile asubuhi. Ningekwenda majabalini."

"Najua."

"Sidai kitu kingine. Ila ungeniambia."

Bertilla alirudi Mpui, akamaliza palizi na Alois. Kisha akashuka tena, safari hii bila kuitwa na mtu, akalima shamba la mihogo la Leonia lililokuwa limeanza kumezwa na majani. Hufanya hivyo kila mwaka mvua zikianza. Hulala kwa bibi Kristiana. Miaka ya mwanzo Leonia hakutoka nje. Mwaka huu alitoka, akasimama pembeni ya shamba akiangalia matuta, akasema lile la mwisho limepinda. Bertilla akalinyoosha. Halafu Leonia akasogea karibu, kitenge chake kimelegea kiunoni, akageuza mgongo na kungoja afungiwe.