Karani Anayepima Uchovu wa Wanaouguza

Mwandishi wa makala haya hakuona, mpaka nusu saa ilipopita, kwamba bibi anayehojiwa amesimama muda wote, ilhali kiti kitupu kiko nyuma yake.

Ni saa tatu asubuhi katika wodi ya watoto wanaougua maradhi ya muda mrefu. Karani, mwanamke wa makamo anayeitwa Mama Karatasi na wodi nzima, anasoma swali la mwisho.

"Bibi, umewahi kujificha mahali ukalia?"

"Nilie nina nini, mwanangu? Mimi mzima."

Karani anaandika sifuri. Kwa miaka sita kazi yake imekuwa si kupima wagonjwa, bali wanaowauguza. Dodoso lake lina maswali ishirini kuhusu usingizi, chakula, hofu na upweke. Kila jibu hupewa alama kuanzia sifuri hadi nne. Mwenye themanini ameelemewa kabisa. Wenye alama nyingi hupangiwa zamu ya kulala mchana katika chumba cha walezi, chenye vitanda vinne tu, huku mhudumu akiwaangalizia mtoto.

Bibi huyu ana umri wa miaka sitini na mitatu. Yuko wodini wiki ya kumi na moja, akimuuguza mjukuu wa miaka tisa mwenye maradhi ya figo. Amepata alama tatu.

"Tatu!" karani anamnong'oneza mwandishi. "Hata mimi niliyelala kwangu jana nazidi tatu."

Hata hivyo, hafuti kitu. "Karatasi ni ya mwenyewe. Leo nikiigusa kwa huruma, kesho nitaigusa kwa upendeleo."

Badala yake anageukia kitanda cha jirani, ambako fundi baiskeli anamlisha mwanawe uji. "Baba, huyu jirani yako anaendeleaje?"

"Nani, bibi? Huyo halali. Juzi kanitilia chumvi kwenye chai, kisha akanikaripia mbona sinywi."

"Mwongo mkubwa wewe!" bibi anamrukia. "Na hiyo chai uliimaliza!"

"Niliogopa kukuudhi, mama." Fundi anaweka kijiko chini. "Lakini chakula chako unangoja mtoto abakize. Asipobakiza, unashindia maji. Na Jumapili ulianguka pale kwenye sinki, ukaniapisha nisiseme."

Mjukuu anainua kichwa kutoka kwenye mto. "Bibi, ulianguka?"

Bibi anakaa. Mikono yake inatafuta ukingo wa shuka, inaukunja, inaukunjua.

"Nilidhani ni mtihani," anamwambia karani. "Unauliza, unaandika. Nikasema, nikikosea wataniambia umezeeka, nenda nyumbani, aje mwingine. Na mwingine hayupo. Mama yake tulimzika. Hata kukaa naogopa. Nikikaa nasinzia, nawe utajua."

Karani anaketi kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo wauguzi humkataza kila siku. "Hii karatasi haimfukuzi mtu, bibi yangu. Inamtafutia mahali pa kulala. Tuanze upya?"

Wanaanza upya. Swali la kulia linajibiwa kwa kutikisa kichwa, taratibu, kukubali. Jumla ni sitini na moja.

Siku hiyohiyo karani anampelekea daktari wa wodi ombi: kila anayeuguza, akiridhia, aulizwe pia kuhusu mwenzake wa kitanda cha jirani. Anaeleza kwamba wengi huona haya kusema wamechoshwa na mtoto wanayempenda, lakini uchovu wa jirani huutaja bila kigugumizi.

Daktari anasita. "Jirani naye anaweza kutia chumvi."

"Ya kwenye chai ilikuwa ya kweli, daktari. Nimemuuliza bibi mwenyewe."

Alipokubaliwa kujaribu, karani alirudi kwa bibi kumuuliza habari za fundi baiskeli. Bibi alizungumza dakika ishirini bila kumeza mate, fundi akilalamika kwamba anachongewa mchana kweupe.

Karani sasa anatumaini kuongezewa vitanda viwili. "Tukishawauliza watu vizuri," anasema, "vinne havitatosha."

Dodoso la wodi hiyo sasa lina ukurasa wa pili, wa maswali kuhusu jirani. Bibi hulala kuanzia saa nane hadi saa kumi alasiri, siku tano kwa wiki. Fundi baiskeli hulala baada yake.