Chuma Changu Kilifika Johannesburg

Niliondoka Handeni kwa sababu ya ndama sita. Walizaliwa vuli, umri wa kupigwa chapa ukafika, nikakataa kuwapiga. Kwangu anayeshika chuma cha chapa ndiye mwenye zizi, na mkono wangu umeanza kutetemeka. Nikasema namfuata Rajabu, mwanangu wa pekee, huko Johannesburg, nimwulize ana kwa ana: utarudi ushike chuma, au hurudi? Kwenye simu watu hudanganya vizuri sana.

Chuma nilikiviringisha kwenye kanga ya marehemu mke wangu, nikakitia begini. Mimi niliishia darasa la tatu. Herufi M, chapa yangu, niliiandika kwa moto kabla ya kuiandika vizuri kwa kalamu. Zizi lile nililianza na mtamba mmoja, ujira wa kuchunga ng'ombe wa watu. Sikurithi hata kamba.

Tunduma, asubuhi, ofisa wa forodha alikichomoa kile chuma. "Mzee, hii silaha?"

"Ni jina langu," nikamjibu. Akacheka, akanirudishia.

Baada ya hapo ni basi tu, foleni za mipakani na miguu kuvimba. Siku ya nne tuliingia Johannesburg kwenye baridi kavu, majani yote ya kahawia kama yamechomwa.

La Rochelle ndiko anakoishi Rajabu, vyumba viwili vya kupanga, yeye, mkewe na binti yao Zuhura. Mtoto anaelewa Kiswahili, lakini mara nyingi akijibu ni Kiingereza. Rajabu anatoka alfajiri kwenda dukani kwake Mayfair, anarudi amechoka. Siku tatu nimekaa na swali langu mdomoni.

Jumapili akaniambia, "Baba, leo nakupeleka mahali utakapopapenda."

"Makauboi, Babu!" Zuhura akadakia.

Tukapita roboti nyingi, ndivyo wanavyoita taa za barabarani, mpaka jiji likaisha. Palikuwa na shamba, na ndani yake jumba la makumbusho ya makauboi wa Marekani na wafugaji wa hapo hapo. Matandiko ya farasi, viatu virefu, kofia, kamba. Mtunzaji alikuwa mzee wa Kizungu, mpole.

Zuhura akanivisha kofia ya kupigia picha. "Eish, Babu! Wewe kauboi?"

"Kauboi ni huyo wa kwenye picha, juu ya farasi. Mimi nachunga kwa miguu."

Akacheka sana. Mimi pia nilicheka, na hapo ndipo nilipoacha kucheka siku ile, maana niligeuka nikaona ukuta mzima wa vyuma vya chapa. Vingi mno. Nikashika kimoja, nikakinusa.

"Baba, haviguswi!"

"Hakinuki nywele zilizoungua," nikasema. "Mwulize huyu mzee wenye vyuma hivi wako wapi."

Rajabu akauliza, akasikiliza, akanitafsiria bila kunitazama. "Anasema wengi wameshakufa. Watoto wao ndio walioleta. Hawakutaka kufuga."

Nikakirudisha kile chuma ukutani. Rajabu akagusa kimoja cha vikaratasi vya majina vilivyobandikwa chini ya vyuma, akasema taratibu, kwa wema kabisa, "Unaona, Baba, wanavitunza. Hata chako siku moja tungekileta hapa. Kingekuwa salama."

Zuhura akatazama chini. Kumbe hata mtoto alielewa.

Njiani kurudi, Rajabu akaanza, "Baba, sikukusudia..."

"Ulikusudia. Endesha."

Kwenye taa nyekundu akasema tena, "Zuhura anasoma hapa. Mimi zizini nitafanya nini? Ng'ombe wenyewe nawaogopa tangu mdogo."

Hilo sikulijua. Miaka yote nilimpeleka shule asije akachunga kama mimi, nikajivuna kwa watu. Sasa namlaumu kwa kitu gani?

Jumatano nikapanda basi. Rajabu alinikumbatia muda mrefu. Chuma kilikuwa kwenye kanga, hakikutoka begini muda wote nilipokuwa kwake.

Handeni nilifika nikaenda moja kwa moja zizini. Mnaotaka kujua safari ilinifundisha nini, ni hili: swali nililibeba siku nne njiani, jibu nikapewa kabla sijauliza, na aliyelipanda jibu hilo ni mimi. Wale ndama sita nimewauza ngozi zao zikiwa safi. Aliyewanunua atapiga herufi yake.

Chuma nimekirudisha mahali pake pa siku zote, kando ya mafiga, kipate moshi. Ukutani sikitundiki.