Somo la kupepesuka, Zhanxi

Jamani, leo nimepasuliwa mdomo nikifundisha Kiingereza. Naandika nikiwa mgahawa wa intaneti, barafu shavuni.

Bi Chen, yule mama wa Kichina anayeniuzia viatu hapa soko la Zhanxi, China, hatuongei bei mpaka nimfundishe neno. Leo nikampa mawili. Stagger, mwendo wa mtu aliyepigwa. Totter, mwendo wa mtoto anayeanza kutembea.

Hakuelewa. Kwake yote ni ulevi tu.

Basi nikatoka nje, nikapepesuka kwa vitendo.

Nikauangukia mkokoteni. Maboksi ya watu chini!

Msukuma mkokoteni hakuuliza. Ngumi ya kwanza mdomoni, ya pili sikioni. Nikashika ukuta, napiga hatua ndogo ndogo, namung'unya damu.

Mara Bi Chen huyo, ana kiatu cha kisigino mkononi! Akamtwanga nacho kichwani mara tatu. Jamaa akaenda kushoto, akarudi kulia, damu imemfumba jicho.

Bi Chen akanigeukia, anahema, uso unang'aa.

"Mwalimu! Yeye stagger. Wewe totter!"

Kapata yote.

Sasa kesho anataka neno la mtu asiyeinuka tena. Nimfundishe, au nihame duka?