Nilimjibu Nikiwa Nimesimama

Siku ya kwanza nilipoingia wodi ile ya Bariadi nilidhani nimekosea mlango. Nilitoka zahanati ya Malampaka, ambako treni ikipiga honi watoto wote hulia kwa pamoja. Hapa palikuwa na vitanda vinane, mapazia meupe, na ukimya wa kanisa siku ya Jumatatu. Ulikuwa msimu wa kununua pamba. Nyuzi kutoka kiwanda cha kuchambua pamba zilipeperuka hadi dirishani, zikaingia bila hodi na kutua juu ya mablanketi, wala hakuna aliyejisumbua kuziondoa. Mgonjwa mmoja alikuwa akinong'ona majina ya ng'ombe wake, mmoja mmoja, macho ameyafumba. Nilisimama na sanduku langu mkononi, nikamsikiliza mpaka akamaliza zizi zima.

Ninyi vijana siku hizi mnaiita tiba shufaa, na mnaisomea mpaka mnavalishwa joho. Sisi tuliiita wodi ya vitanda vinane, basi. Walioletwa pale ni wale ambao Mganga Mfawidhi alikwisha kukubali kwamba hakuna dawa ya kuwaponya. Mjini walisema ni wodi ya kungojea kufa, na wapo waliozunguka njia ndefu ili wasipite mbele yake. Hata mimi niliamini hivyo, mpaka Sista Mkuu wa wodi, mama mfupi asiyepandisha sauti, aliponitoa ushamba.

"Kabula," aliniambia, "hapa hatungojei kifo. Kifo kina miguu yake, kitakuja chenyewe. Hapa tunamwangalia mtu aliye hai."

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono zaidi ya mashine. Mgonjwa tulimgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia. Kinywa kikikauka tulikilowesha kwa pamba. Mofini ilikuwa dawa ya maji, chungu kama shubiri, na tuliitoa kila baada ya saa nne bila kungoja mtu aombe, maana maumivu yakishakaa kitako hayanyanyuki kwa urahisi. Ndugu waliogopa kwamba itampumbaza mtu wao. Tuliwaeleza kwamba ikipimwa vizuri humwachia mtu akili yake, na kumwondolea kile kinachomzuia kuitumia.

Pembeni ya kila kitanda palikuwa na kigoda. Nilidhani ni vya wageni.

"Ni vyako," alisema Sista Mkuu. "Mgonjwa wa hapa akikuuliza jambo, kaa kwanza ndipo umjibu. Aliyesimama ana safari, na mwenye safari hujibu lolote ili aondoke."

Nilisema ndiyo Sista, na moyoni nikacheka. Nilikuwa na miguu mepesi wakati huo, na niliona kukaa ni uvivu.

Kitanda cha sita alilala Mzee Ngasa, mfugaji kutoka vijiji vya huko chini ya mji. Saratani ya tezi dume ilikuwa imeenea hadi kwenye mifupa ya mgongo. Asubuhi nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," naye akajibu, "Mwangaluka, mayu," akiniita mama, na nikimwuliza hali aliniambia mhola, yaani salama, huku jasho linamtiririka. Kwetu mwanamume hasemi kwamba anaumwa. Mdomo wa Mzee Ngasa haukuwahi kuumwa hata siku moja, kwa hiyo tulijifunza kumtazama vidole vya miguu. Vikijikunja, tulijua kijiko kimechelewa.

Mchana mmoja wa joto, wodi nzima ikisinzia, nilipita na trei ya dawa. Akaniita.

"Mayu, mvua za kwanza nitaziona?"

"Utaziona, baba," nilisema, "na mahindi mabichi utayala." Kisha nikapita.

Msinihukumu upesi. Nyumbani mgonjwa huambiwa utapona, tena hata na anayemchimbia kaburi. Anayesema kinyume huonekana anamwitia kifo, na mzee akifa watu watamtazama yeye. Nililelewa hivyo, na maneno yale yalinitoka kama salamu.

Siku tatu baadaye nilikuwa nikitandika kitanda cha jirani nikamsikia akizungumza na mkewe.

"Limi tutamwita mvua zikianza," alisema. "Si sasa."

"Kwa nini si sasa, Baba Limi?"

"Nikimwita sasa atajua nimeshindwa. Acha nipate nguvu, nimpokee nimekaa. Nesi amesema nafika mvua."

Limi alikuwa binti yake wa pekee. Alikwenda Kalemela, huko ziwani, akaolewa na mvuvi bila hata ndama mmoja kuingia zizini kwa baba yake, na tangu hapo jina lake lilikatazwa nyumbani. Sasa mzee alitaka kupatana naye, na alikuwa amejipangia muda ambao mimi ndiye niliyempa. Muda huo haukuwepo. Kwa hali yake asingefika hata mwisho wa msimu wa pamba. Nililiacha shuka nusu.

Nilimweleza Sista Mkuu nikitegemea kugombezwa. Alinitazama tu, akasema, "Nenda ukakae."

Nikakaa. Mzee hakunihimiza, nami nilikaa muda mrefu nikitazama nyuzi za pamba zikishuka polepole kwenye mwanga.

"Baba, juzi uliniuliza habari ya mvua."

"Ndiyo."

"Nilikujibu vibaya. Sidhani kama utaziona."

Aliokota uzi mmoja kwenye blanketi, akausokota kwa vidole. "Pamba ya mwaka huu ni safi," alisema. Kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, nikamtajia. "Wamekulea vizuri. Wabeja, mayu," alinishukuru. Nilitaka kuinuka, lakini alikuwa hajamaliza. "Ila siku tatu zimeshapotea. Niitie Limi."

Ndiyo ilikuwa miaka ya biashara huria. Zamani pamba ilibebwa na malori ya ushirika peke yake, nayo yalikuja yalipotaka. Sasa walikuwa wamezuka wanunuzi binafsi, na malori ya kila rangi yalipita Bariadi kutwa. Nilisimama barabarani na sare yangu mpaka nikapata dereva anayeelekea ziwani. Nilimwambia aulize Kalemela, kwa wavuvi, Limi binti Ngasa, aje wodini upesi. Akaapa kwa mama yake kwamba atafika.

Baada ya hapo siku zilikwenda kama maji ya mbuga, huoni yanaelekea wapi. Mzee alilala na kuamka, akazungumza na watu ambao hatukuwaona, akarudi kwetu. Lori likinguruma nje alifungua macho. Mimi nilitazama mlango. "Si yeye," alisema kabla sijageuka, kisha akafumba tena.

Alifariki asubuhi ya siku ya sita, vidole vya miguu vimenyooka. Limi alifika kesho yake mchana, mtoto mgongoni na vumbi hadi kwenye kope. Ujumbe ulikuwa umezunguka kwa wavuvi siku nne kabla ya kumpata. Alinikuta kitanda cha sita, nikibadilisha shuka.

Nilimwambia. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Alisema nini juu yangu?"

Neno moja tamu lilikuwa tayari ulimini: amekusamehe. Mzee hakuwa amelisema.

"Aliuliza kama bado unatoa utando kwenye maziwa kabla ya kunywa."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Juzi jioni."

Akacheka, na kicheko kikageuka kilio, nikamshikia mtoto. Alipotulia nilimweleza na lile jingine: kwamba baba yake angemwita siku tatu mapema kama si mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamchukua mtoto wake, akaenda msibani. Sikumwona tena.

Nilihamishiwa Maswa, nikafanya kazi chini ya wakubwa wengine watatu, nikastaafu. Walipoagana nami walisifu uvumilivu wangu, na mimi nilitazama chini kwa aibu. Sasa ninaishi Binza. Mchana, joto likizidi, husinzia barazani, na wodi ile hunijia yote, mapazia na nyuzi za pamba. Lori linasimama nje. Limi anashuka, anaingia, anapita karibu yangu bila kunitazama. Baba yake amekaa kitandani, anamwuliza mwenyewe habari ya yale maziwa. Binti anafungua mdomo ajibu, nami huamka hapo, kila mara kabla sijasikia.