Wosia wa Redio

Jina la Redio alipewa na mwalimu wa jiografia siku yake ya kwanza pale shuleni. Mwalimu aligeuka kutoka ubaoni, chaki mkononi, akauliza kwa upole, "Nani kaacha redio inalia huko nyuma?" Hapakuwa na redio. Palikuwa na msichana mwembamba mwenye magoti makubwa, akimsimulia jirani yake habari za harusi ambayo hata yeye mwenyewe hakualikwa. Darasa zima likacheka, naye akacheka kuliko wote. Tangu hapo jina lake la kuzaliwa likabaki nyumbani na kwenye karatasi za mtihani.

Hakuwa mrembo wa kugeuza watu shingo, wala hakuwahi kuongoza darasa. Alichojaliwa ni mdomo. Aliweza kuiga mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu unavyolia ukifunguliwa na mwenye kosa, na unavyolia ukifunguliwa na aliyekuja kushtaki. Watu wakicheka, mwili wake ulipata joto kama wa mtu anayeota jua la asubuhi, na hakujua raha nyingine ya kuishinda hiyo.

Kisha mdogo wake akajiunga na shule ileile. Huyu alikuwa mtoto wa kimya, wa kujibu kwa nyusi. Kabla hajapata hata pa kukaa, wakubwa walikuwa wamekwisha kumbatiza Betri, maana redio haiendi bila betri. Hakuna aliyemuuliza kama jina limemkaa vizuri. Aliitwa Betri kwenye foleni ya maji, Betri uwanjani, na akipata alama mbaya wenzake walisema ameisha chaji.

Sasa, shuleni pale palikuwa na kawaida moja ambayo walimu waliivumilia tu. Siku ya kuwaaga wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kila anayeondoka alipanda juu ya benchi katika ukumbi wa chakula akatoa wosia kwa wadogo zake. Alisema, "Mimi naondoka, namwachia fulani," kisha akatamka anachokiacha: kiti kinachoyumba, kikohozi cha kukwepea mchakamchaka, jina la utani. Aliyetajwa ilimpasa asimame na kujibu, "Nimepokea." Na kilichopokelewa hakikurudishwa. Kwenye benki ya mjini kulikuwa na karani mtu mzima, tai shingoni, watoto wawili nyumbani, ambaye mpaka leo waliosoma naye humwita Kiatu Kimoja kupitia dirisha la kioo, mbele ya wateja.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, Redio alikuwa akipiga pasi sare yake ya mwisho, mdogo wake akikunja nguo kitandani. Katika chumba cha mbele mama yao, fundi cherehani, alikuwa akimalizia gauni la mteja.

"Dada," mdogo mtu akasema. "Naomba kitu kimoja. Kesho usinitaje."

"Nisikutaje? Wewe ndiye nimekuweka mwisho kabisa! Wewe ndiye utamu wenyewe!"

"Ni ile ya kuuza magauni?"

Redio akashindwa kujizuia, akacheka mpaka pasi ikamponyoka nusura iunguze kola. Ndiyo, ilikuwa ile. Mdogo wake, ambaye mchana huwezi kumtoa neno hata kwa koleo, akilala alikuwa mfanyabiashara. Aliuza magauni ya mama usingizini, tena kwa ukali: "Hiyo haishuki, dada yangu! Shika kitambaa, shika! Kama huna pesa, usinichoshe!" Redio alikuwa ameifanyia mazoezi juma zima mbele ya kioo, na sauti zake zote.

"Wewe unaondoka," mdogo wake akasema, akilikazia macho shati alilolikunja. "Mimi ndiye nitakayebaki nayo. Nitaitwa Muuza Magauni mpaka nitakapoolewa. Na huyo mume naye ataambiwa."

"Ni mzaha tu, jamani."

"Kwako."

Kutoka chumba cha mbele, mama yao akasema huku amebana pini kwa midomo, "Nyie, mnagombania nini?"

"Hatugombani, Mama!" wakajibu pamoja.

Kesho yake ukumbi ulijaa pomoni. Mwalimu mkuu alitoa masharti: matusi hapana, na kipara cha mwalimu msaidizi kisitajwe. Mwenye kipara alikuwa amekaa safu ya mbele, mikono kifuani, akitazama dari.

Golikipa alianza. "Mimi naondoka, namwachia golikipa mpya mikono yangu. Mipira ilipita, lakini kwa heshima." Kijana wa mwaka wa pili akasimama akasema, "Nimepokea," na timu nzima ikazomea kwa uchungu wa kweli. Kiranja mkuu akawaachia viranja wapya maadui zake wote, akawaomba wawatunze vizuri maana amewakusanya kwa jasho.

Zamu ya Redio ilipofika, walianza kucheka kabla hajapanda benchi.

"Mimi naondoka," akasema, "namwachia mtu mmoja, ambaye nimekatazwa kumtaja sehemu fulani, kitana changu. Ni kipya. Na kwake kitabaki kipya."

Ukumbi ukapasuka. Mwalimu msaidizi akajitahidi kubaki na dari yake, lakini mabega yalikuwa yamekwisha kumsaliti. Akasimama, akasema, "Nimepokea," akapigiwa makofi mpaka vikombe vikatetemeka. Redio akawaachia mabinti wa mwaka wa kwanza sauti ya mlango wa ofisi, akaufungua hewani mara mbili. Joto lile likampanda kutoka nyayoni. Angeweza kubaki juu ya benchi lile hadi uzeeni.

"Betri!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Bado Betri!"

"Betri! Betri!" Ukumbi mzima ukadakia, wakigonga meza.

Redio akamtafuta mdogo wake, akamwona karibu na dirisha. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

Mzaha ulikuwa tayari mdomoni, umeiva, mtamu, sauti ya kwanza imekwisha shika ulimi: hiyo haishuki, dada yangu. Aliujua utakavyowaangusha. Hakuwahi kumeza kitu kama kile, na hakujua kama koo lake linaweza.

"Kuhusu Betri," akaanza, na kelele zikatulia. Akameza. "Mmeona wapi redio inahama, betri inaachwa? Betri ni mali yangu. Naondoka nayo. Kuanzia leo, mkimwita yule msichana Betri, mjue mnatumia mali ya wizi, na mimi nitawatangaza mtaani jina kwa jina."

Wakacheka, lakini kicheko cha kumwonea huruma. "Leo chaji imeisha!" mmoja akasema. Jambo hilo lilimchoma Redio kuliko alivyotarajia. Akawa anashuka.

"Apokee kwanza!" wakadai wengine. "Hajapokea! Asimame!"

Mdogo wake akasimama, mikono imeng'ang'ania meza. Ukumbi ukanyamaza kabisa, kwa kuwa wengi hawakuwahi kuisikia sauti yake.

"Nipokee nini?" akasema, polepole. "Sijapewa kitu. Nimenyang'anywa." Akatazama huku na huku kana kwamba anatafuta pa kukimbilia, asipaone. "Lakini tangu nizaliwe nalala kitanda kimoja na redio isiyozimika. Sasa mnasema inaondoka." Akavuta pumzi, akaiacha ikae. Watu wakainama mbele kumsikiliza. "Jamani, nimepokea... usingizi."

Kilichofuata Redio hakuwahi kukisababisha miaka yake yote pale. Watu walianguka juu ya meza. Golikipa akalia machozi. Mwalimu msaidizi akatoa leso, akafuta macho, akajisahau akaendelea kupangusa mpaka utosini, na hapo hata mwalimu mkuu akashindwa. Redio akabaki mguu mmoja benchini, mmoja chini, mdomo wazi. Kicheko chote kile kilimpita kando kikaenda kumwangukia mtu mwingine. Wivu ukamchoma papo hapo, wivu wa kweli, kama wa mtu aliyemwona mwenziwe amevaa gauni lake. Lakini gauni lenyewe, alipolitazama vizuri, lilimkaa yule mtoto.

Walirudi nyumbani pamoja. Njia nzima wanafunzi wadogo waliwapita wakisema, "Kwaheri, Dada Redio!" Mdogo wake wakamwambia, "Kesho, basi!" wasijue wamwite nani.

"Nawe huna hata aibu," Redio akasema. "Redio isiyozimika! Mbele ya walimu!"

"Ulikuwa ukweli." Mdogo mtu alikuwa akitembea mbele kidogo, kitu ambacho hakuwa na mazoea nacho. "Halafu, dada, ile ya kitana uliikimbiza."

"Niliikimbiza?"

"Ndiyo. Uliposema ni kipya, ulitakiwa unyamaze kidogo. Ndipo umalizie."

"Ninyamaze! Mimi! Umenisikia miaka mingapi, leo ndio unanifundisha kuchekesha?"

"Kidogo tu. Hesabu moja, mbili, kimoyomoyo. Jaribu."

Redio akafumba mdomo, akajaribu. Kabla hawajafika hata kona ya duka la vifungo, alikuwa amekwisha anza kusema tena.