Matofali ya Safu ya Nje

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, si ya harusi yangu, wala ile bendera ya uhuru ilipopandishwa tukacheza ngoma hadi miguu ikavimba. Ni Ijumaa moja ya masika, hapa hapa Kisanga, nyuma ya nyumba hii, siku nilipomwingiza shemeji yangu chini ya gari huku nikijua ninachokijua. Keti. Na usinikatize, maana ukinikatiza nitapata nafasi ya kujitetea.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Gari nililijua kwa mikono. Nilianza kwa kuosha matrekta kwenye shamba la katani, nikaingia kufungua, nikaingia kufunga, hadi mafundi wenye vyeti wakawa wananivuta pembeni kuniuliza. Sijisifu, nasema yaliyokuwepo. Haya, najisifu kidogo.

Shamba lilipochukuliwa na serikali, pikapu moja kuukuu iliachwa kwenye nyasi, injini nzima, giaboksi imekufa. Niliiomba nikapewa. Tuliisukuma watu kumi na wawili mpaka hapa, nikaijengea banda la nyasi. Spea wakati ule zilikuwa hadithi tu, kwa hiyo nikaamua kuifunga giaboksi ya gari la aina nyingine kabisa. Watu walinicheka. Nilikata chuma kwa msumeno wa mkono, nikatoboa matundu mapya, nikapima kwa kamba na kijiti, mpaka kile chuma kikakubali.

Shida ilikuwa haraka. Kule Mikumi kulikuwa na kazi ya kubeba mbao, na mwenye kazi alisema Jumatatu asiponiona na gari anampa mwingine. Nami nilikuwa nimeshamtangazia kila mtu kijijini kwamba kazi ni yangu.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Nilikuwa na jeki moja tu. Ukitaka kuishusha ile giaboksi iliyokufa, jeki inatakiwa iikinge hiyo giaboksi yenyewe isimwangukie mtu. Kwa hiyo gari lazima likae juu ya kitu kingine. Na magurudumu ya mbele nilikuwa nimeyatoa ili nizibe pancha, yameegemea nguzo ya banda. Nikahitaji matofali.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kinachoma matofali ya kujenga shule. Msimamizi wa tanuri alikuwa Bibi Mwanaidi, mjane ambaye marehemu mumewe alichoma matofali ya misheni miaka mingi, naye akaishika ile kazi mumewe alipofariki. Nilikuta rundo dogo limetengwa peke yake pembeni. Nikaona bahati hiyo, nikaanza kupakia kwenye toroli.

“Shikamoo, bibi,” nilisema, mikono ikiendelea.

“Marahaba. Unayapeleka wapi hayo?”

“Naazima tu, bibi. Jumapili yatakuwa yamerudi.”

“Hayo ni ya safu ya nje. Moto haukuyafikia. Nimeyatenga yarudi tanurini.”

“Mimi sijengi nyumba. Nategeshea gari saa mbili tatu tu.”

“Kwani gari ni jepesi kuliko nyumba?”

Nikacheka. “Bibi, wewe angalia moto wako. Vyuma tuachie wanaume.”

“Haya, mwanaume,” alisema, akageuka.

Nilipofika hapa nikapanga nguzo mbili za matofali chini ya chesisi, kushoto na kulia, nikashusha jeki taratibu, gari likakaa. Kisha, sijui kwa nini, nikaligonga tofali moja kwa spana. Tofali lililoiva hulia. Lile lilitoa sauti nzito, kama umegonga kiazi. Nikagonga la pili. Kiazi.

Nilichuchumaa pale nikiliangalia gari, na moyo wangu ukaniambia waziwazi: usiingie. Sikuwa na shaka, mwanangu. Moyo ulisema, nami nikasikia. Ningeweza kurudisha jeki. Ningeweza kwenda kwa bibi nikamwambia umenishinda, nipe yaliyoiva. Ni nusu saa tu. Lakini kurudi kwa mwanamke niliyemcheka asubuhi ileile?

Nikamwita Alfani. Huyu ni ndugu wa mke wangu, alikuja kutoka Lumuma kunisaidia juma lile. Nikamwambia, “Ingia wewe, shemeji. Wewe mwembamba.”

“Mwembamba tangu lini?” akacheka. “Si jana dada alisema nimemaliza ugali wa nyumba nzima?”

Akalala chali, akajisogeza ndani, akaanza kazi. Nami nikabaki nje nampasia spana.

Nati za kwanza zilitoka vizuri. Mbili za mwisho zilikuwa na kutu, akaanza kuzigonga kwa nyundo. Kila akigonga, gari linatikisika. Na kila likitikisika naona unga mwekundu unamwagika kutoka nguzo ya kushoto, kidogo kidogo. Ardhi ilikuwa na maji ya mvua, tofali la chini lilikuwa limeshaanza kulowa.

“Shemeji,” Alfani akasema huko chini, “mbona vumbi jekundu linaniingia machoni?”

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, “Kutu hiyo. Endelea.”

Akagonga tena, nati ya mwisho ikaachia, giaboksi yote ikaikalia jeki. Tofali likapasuka toka juu hadi chini, nikauona ule ufa unakimbia. Nikapiga kelele, “Toka! Toka!” nikalidaka bampa kwa mikono miwili nikanyanyua. Alfani hakuweza kutoka. Giaboksi ilikuwa juu ya jeki katikati yake na njia. Alianza kujisogeza kwa kisigino, namsikia anavyohema. Nami nguvu zinaniisha. Gari linashuka, sentimita moja, nyingine. Nilijua nikiachia tu, mke wangu hana kaka.

Hapo ndipo Bibi Mwanaidi alipotokea kwenye kona ya nyumba, amekuja kudai matofali yake. Hakuuliza kulikoni. Alitazama mara moja, akaenda kwenye nguzo ya banda, akaliviringisha gurudumu moja, akaliangusha, akalisukuma kwa miguu chini ya chesisi. Nguzo ya kushoto ikasambaratika saa ileile. Gari likaangukia gurudumu, likainama upande, likasimama. Giaboksi ikabingirika kutoka kwenye jeki, ikamvunja Alfani mkono wa kulia. Alipiga ukelele ambao nausikia hata leo. Tukamvuta kwa miguu, tukamtoa hai.

Lile gurudumu lilikuwa hatua tatu kutoka kwangu siku nzima. Fundi mimi sikulifikiria. Mchoma matofali alilifikiria.

Watu walipojaa na machela ikatengenezwa kumpeleka zahanati, bibi alinishika bega. Akanigeuza kama mtoto anayekaguliwa kabla ya kwenda shule. Akasema, polepole, mimi peke yangu nisikie:

“Shati lako mgongoni ni safi. Gari ni lako, kazi ni yako, na mgongo wako hauna hata tope. Kwa nini?”

Hakungoja jibu. Akainama, akaanza kuokota matofali yaliyobaki mazima.

Mkono wa Alfani uliunga vibaya. Haukupanda tena juu ya bega. Mbao za Mikumi alibeba mtu mwingine, nami msimu ule nilikuwa Lumuma, nalima shamba la shemeji kwa jembe. Kila mtu alinisifia. Shemeji gani huyu, wanasema. Sifa zile zilinichoma kuliko matusi. Siku ya palizi ya pili nilishindwa kuvumilia, nikamwambia Alfani kila kitu, mke wangu akisikiliza. Kwamba niligonga. Kwamba nilijua.

Alfani akasema, “Nilikuona ukigonga. Nikawaza, lingekuwa bovu angesema.”

Hakuna kipigo nilichowahi kupigwa kikafika pale.

Sasa nyie vijana mnajifunza ufundi kwenye simu, mnafungua magari nyuma ya nyumba, mnabadilisha hiki na kile. Sikukatazi. Mimi mwenyewe sikufundishwa na mtu, na ile pikapu baadaye ilitembea miaka mingi na giaboksi yangu ya kuazima. Jaribu, kata, toboa, chekwa. Ninachokuambia ni hiki: moyo wako ukikataa kuingia mahali, usimtume mwenzako. Ukishindwa, sema umeshindwa, hata kwa mtu uliyemcheka asubuhi. Aibu hiyo inaisha kabla ya chakula cha jioni. Hii nyingine mimi ninayo bado. Na aliye chini anapokuuliza ni vumbi gani, mwambie ni vumbi gani.

Haya, nyanyuka uende zako. Mungu ailinde mikono yako, mwanangu, na kila atakayefanya kazi nawe jioni afike kwake mzima. Ukikosea, na utakosea, akupe ulimi mwepesi wa kusema mapema.