Mlango wa Mama kwenye Banda la Kuku

Nilikuwa nimetumwa kukamata kuku. Tulikuwa Taveta, nyumbani kwa baba mdogo wa mume wangu, tumempeleka mtoto wetu wa kwanza akaonwe na ukoo. Wanaume walikuwa sebuleni na chai yao, sisi wanawake jikoni na moshi wetu. Wifi yangu akaniambia, "Wewe uliyekuja kupumzika, nenda utuletee yule jogoo mwekundu." Nikamfunga mtoto mgongoni, nikazunguka nyuma ya migomba. Banda lilikuwa jipya. Nikashika komeo, na mkono ukalijua komeo lile kabla ya macho.

Ulikuwa mlango wa mama yangu.

Mlango wa mvule, umepakwa buluu juu ya kijani cha zamani, na katikati una duara la kijani pale baba yangu alipopigilia kibao cha namba. Kibao kilianguka baba akiwa ameshakufa, na mama akakataa mtu yeyote asipake rangi mahali pale. Nimeufungua na kuufunga mlango ule utoto wangu wote, mjini Moshi, ghorofani. Sasa ulikuwa umekatwa chini kwa msumeno ili uingie kwenye fremu ya banda, na kuku walikuwa wameufanyia walichotaka.

Ningekuwa mtu wa kunyamaza ningenyamaza. Nilipiga kelele mpaka mtoto akaruka mgongoni.

"Huu ni mlango wa mama yangu! Mama yangu analala Moshi bila mlango, kuku wa Taveta wanalala na mlango wake!"

Wifi alikuja mbio, mikono imejaa unga, akaniziba mdomo kwa unga uleule. "Wewe! Baba yuko ndani, anakusikia!"

"Ndiyo nataka asikie."

"Mkwe anapigiwa kelele? Una wazimu?"

Sebuleni kiti kikasukumwa. Mume wangu akatoka na kikombe mkononi. Akautazama mlango. Aliujua vizuri sana, maana ndio aliopitia alipokuja kuniposa. Nikangoja aseme neno. Akaniangalia, akaangalia nyumba, akasema polepole, "Mama, rudi jikoni."

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika. Si kwa sababu ya mlango, kwa sababu ya hayo maneno matatu.

Sasa nieleze tulivyofika kwenye banda hilo.

Baba yangu alikuwa mtu wa milimani, Taita, lakini kazi ya reli ilimweka Moshi, na nikiwa bado mdogo alinunua sehemu katika jengo moja la zamani la mwenye duka aliyehama. Jengo lile liligawanywa makao manne, mawili chini na mawili juu, kila makao na mwenyewe na hati yake. Ngazi na ua ni vya wote, lakini mapatano yalikuwa kwamba kila wa juu anatengeneza mabati yaliyo juu ya kichwa chake. Mama alibaki huko peke yake baada ya baba. Nilimwambia aje akae nasi Voi, akakataa. Kaburi la baba liko huko, kanisa lake liko huko. "Nikitoka humu sirudi," alisema. "Leo majirani wataweka gunia moja la mahindi chumbani kwangu, kesho watalala humo." Sikuweza kumbishia, kwa kuwa nilijua ni kweli.

Mabati yakaanza kuvuja. Fremu za madirisha zikaoza. Na mimi nilikuwa Voi, kwenye nyumba za reli alikofanya kazi mume wangu, nimeolewa juzi, tumbo limenitangulia kila ninapokwenda. Nani anaweza kumtafutia mama yake fundi katika nchi nyingine akiwa na hali hiyo? Kila ninayemuuliza ananiambia, "Tafuta mtu mwaminifu," kana kwamba waaminifu wanauzwa sokoni karibu na nyanya.

Wa kwanza alikuwa mtu wa Moshi, tumepewa na wanakwaya wenzake mama. Aliegemeza ngazi yake ukutani, akapanda, akashuka, akatikisa kichwa, akala chakula cha mchana, akaenda zake. Ngazi aliiacha. Majirani wakagombana kwa ajili ya hiyo ngazi kuliko walivyogombana kwa ajili ya paa. Wa pili nilimpata mwenyewe, fundi wa Miasenyi aliyekuwa amejenga vibanda vya chai kando ya barabara kuu. Alikuwa na maneno matamu sana mpaka aliposikia kazi iko wapi. "Moshi? Huko ni Tanzania, mama. Nikianguka darini huko, nani atanililia?"

Ndipo mama mkwe wangu akasema, "Kwani fundi si tunaye nyumbani?"

Alikuwa anamsema shemeji yake, yule baba mdogo wa Taveta. Ni kweli alikuwa kontrakta, nusu ya maduka ya pale mjini ameyajenga yeye. Mume wangu alifurahi. "Huyo hawezi kutudhulumu. Atakutazamaje usoni?"

Na mimi, na shule yangu yote ya sekondari, nikakubali. Ndivyo tunavyofanya sisi. Kazi kubwa humpi mgeni, unampa mtu ambaye kati yake na wewe kuna heshima, ili heshima ilinde mali yako badala ya askari. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba kwa desturi ya watu wa mume wangu, mtu yule hatakiwi kunitazama usoni hata kidogo.

Ndugu wa baba mkwe ni baba mkwe. Siketi naye tukitazamana. Siingii chumba anamokula. Simkatizi njia. Jina lake silitaji, na kama kuna kitu nyumbani kinachofanana na jina lake ninakitafutia jina lingine. Nikitaka kumwambia jambo nalipitisha kwa mume wangu, na mume wangu asipokuwepo nalipitisha kwa mtoto. Hilo lilinishangaza nilipoolewa, baadaye nikalizoea. Sikujua kwamba siku moja nitatakiwa kujenga nyumba kwa njia hiyo.

Alianza kazi nikiwa nimelala uzazi. Mama akaniletea salamu kwa mlinda treni kwamba fundi ameng'oa mabati yote na madirisha. Nikashukuru. Halafu zikaja salamu nyingine, kwamba ameng'oa na mlango. Halafu kimya. Nikamuuliza mume wangu, akasema, "Nitaongea naye." Nikamuuliza tena, akasema baba ana kazi nyingi, tungoje. Mume wangu si mtu mbaya. Lakini mbele ya mdogo wa baba yake anarudi kuwa mtoto wa kutumwa sigara.

Siku moja baba mkwe huyo alipita Voi kununua misumari, akaja kutusalimu. Mume alikuwa kazini. Nikamwekea kiti barazani, nami nikaketi ndani nyuma ya pazia, nimempa mgongo, mtoto mapajani. Nikasema, "Mwanangu, muulize babu, mabati mapya ya nyanya wa Moshi yamefika wapi."

Akakohoa. "Mjukuu wangu, mwambie mama yako mabati yako forodhani."

"Muulize babu, ni forodhani tangu ulipozaliwa?"

"Mwambie mama yako forodha si jiko lake. Haiendi kwa kupulizwa."

"Muulize babu, na mlango nao umezuiwa forodhani?"

"Mlango uko kwa seremala, unapigwa randa. Ulivimba kwa mvua." Akavuta chai yake kwa sauti. "Na umwambie mama yako apunguze maneno, maziwa yatakauka."

Mtoto alikuwa bado hajajua hata kuketi. Akacheua begani kwangu, na hayo ndiyo yakawa majibu ya upande wetu. Nilitaka kufungua pazia nimshike yule mzee shati. Badala yake nilisema, "Mwanangu, mwambie babu karibu chai nyingine." Birika nikalisukuma chini ya pazia, na aliaga akisema nimelelewa vizuri.

Nilichukua pasi ya reli nikaenda Moshi kujionea. Wakati huo treni ilikuwa bado inavuka. Kupita Mwatate, kupita Maktau, vumbi jekundu linaingia dirishani na mtoto analia njia nzima, nami nikijiambia labda mama ameongeza chumvi.

Hakuwa ameongeza. Alikuwa amepunguza. Juu ya kitanda chake kulikuwa na turubai lililofungwa kwa kamba kwenye boriti tupu. Madirisha yalikuwa mashimo yaliyozibwa kwa maboksi. Mlangoni alining'iniza leso mbili, na usiku alisukuma kabati hapo kwa mgongo, yeye na mguu wake mbovu. Aliponiona alianza kufagia.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungefanya nini? Ungekuja na nyundo?"

Jirani wa chini alipanda kutusalimu. Ni mama wa Kiislamu, asili yake pwani, mzuri wa moyo na mkali wa ulimi. "Mwanangu, paa la mamako limehamia kwangu. Kwanyesha juu, mimi ndiye mwenye kutega masufuria. Na huyo fundi wenu mwampata wapi? Kaja na nyundo, kaondoka na nyumba." Halafu akaacha mzaha. "Wenzangu wamesema, masika yakiingia na hali hii, mamako na atoke. Kuta zitaangukia wana wetu. Mimi nimewanyamazisha kwa sasa. Siwezi kuwanyamazisha mvua ikija."

Nikaenda ofisi ya pale mjini inayohusika na nyumba. Mzee mmoja mpole alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza fundi ni nani na anakaa wapi. Nikamwambia Taveta. Akaunganisha vidole. "Huyo ni wa kwenu, binti. Sisi hatuna mkono wa kuvuka mpaka wa Holili. Kamshtaki kwenu."

Jioni nikamwambia mama nitamshtaki. Alinishika mkono. "Usimgombeze mkwe. Watasema mimi sikukufunza." Mwanamke hana paa, hana mlango, na bado anaogopa watu wa Taveta watamwonaje. Nilikasirika naye pia. Nilirudi Voi na hasira hiyo, sikuwa na mtu wa kumpa.

Kwa hiyo ile siku ya jogoo mwekundu haikuwa mwanzo. Kuku alichinjwa na mtu mwingine. Sikumla. Baba mkwe hakutoka sebuleni, na jioni alipita uani akamwambia mtoto mgongoni mwangu, "Mjukuu wangu, mlango ule ulikuwa mbovu. Nimemwokolea nyanya yako gharama ya kuutupa." Mume wangu alikuwa amesimama papo hapo. Alisoma kucha zake.

Asubuhi nilivaa viatu. Mume akaniuliza ninakwenda wapi.

"Kwa chifu."

"Ukimpeleka baba kwa chifu, mimi sina uso wa kurudi hapa."

"Mama yangu ana mlango wa kufunga?"

"Nitaongea naye. Ngoja Pasaka."

"Pasaka mvua itakuwa imeshaongea."

Hakunizuia. Hakunifuata pia.

Karani wa chifu alikuwa kijana wa rika langu, kalamu nyuma ya sikio. Kwenye benchi kulikuwa na wanawake wawili waliokuja kwa kesi ya mbuzi kuingia shambani, na walisogea ili wasikie vizuri. Nilieleza yote, kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa kuandika insha.

"Nyumba iko wapi?" karani akauliza.

"Moshi."

"Ah. Hiyo ni nchi ya watu, mama."

"Moshi wameniambia fundi ni wa huku."

"Ni wa huku. Lakini nyumba ni ya huko." Akairudisha kalamu nyuma ya sikio. "Basi umekwama." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyokuambia basi limeshaondoka.

Nilisimama pale. Nilifikiria mabati, madirisha, turubai, mguu wa mama, na kila kitu nilichokigusa kilikuwa ng'ambo ya mpaka. Kisha nikasema, "Mlango uko huku."

"Mlango gani?"

"Wa mama yangu. Uko kwenye banda la kuku la huyo mtu. Hapa Taveta. Nimeushika kwa mkono wangu."

Kalamu ikashuka. "Hilo naweza kuandika. Jina la mlalamikiwa?"

Midomo yangu ikagoma. Mmoja wa wale wanawake alielewa mara moja. "Ni baba mkwe wake," alimwambia karani. "Mwache, hawezi kulitaja. Andika tu baba mkwe."

"Baba mkwe hashtakiwi," karani akasema. "Anashtakiwa mtu."

"Basi ninong'oneze mimi," yule mama akaniambia, "nitamtajia. Usijitie aibu, mwanangu, na una mtoto mgongoni."

Nikalitaja. Majina yake yote matatu, kwa sauti, hata la babu yake. Yule mama akavuta leso akajifunika uso. Mtoto alinyamaza, labda kwa sababu safari hii hakuwa ameombwa kupeleka ujumbe.

Karani aliandika, kisha akanisomea:

"Mlalamikaji anasema kwamba mlango mmoja wa mvule, rangi ya buluu juu ya kijani, mali ya mama yake mzazi, umefungwa kwenye banda la kuku la mlalamikiwa bila ruhusa ya mwenyewe. Anaomba urudishwe. Habari za paa, madirisha na nyumba haziko chini ya ofisi hii." Akaniangalia. "Ni hivyo?"

"Ongeza kwamba umekatwa chini."

Akaongeza. Nikatia sahihi.